Nyumba ya Maonyesho

Jirani yangu hapa Igoma amepaka chokaa ukuta wa duka lake, na tangu juzi sina raha. Wapo watu wakisikia harufu ya chokaa mbichi wanakumbuka Krismasi, au harusi. Mimi hapana. Nafunga dirisha isiingie, halafu nalifungua tena mbio mbio, maana kufungiwa chumbani na harufu ile, bora nikaungue juani. Mjukuu wangu kaniuliza, "Bibi, kwani chokaa imekukosea nini?" Nikamwambia akateke maji, aache udadisi. Ninyi lakini nitawaeleza, kwa sababu hamnijui, na hamtakwenda kunitangaza kwa kina mama wa mtaani.

Nilikulia karibu na mji mmoja mdogo uitwao Mwabusegi, upande wa ziwani ukishaiacha barabara kubwa pale Usagara. Nikisema mji nautia moyo tu. Ulikuwa na kinu cha kuchambulia pamba, maduka machache ambayo nusu ya mwaka hayakuwa na sabuni, kanisa, na uwanja wa maonyesho. Huo uwanja ndio uliotupa kiburi. Watoto wa vijiji vingine walijivunia mito na vilima vyao. Sisi tulikuwa na uwanja, na kila mwaka mwezi wa saba watu walitoka mbali kuja kwetu.

Wazee walisema zamani palikuwa malisho. Wakaja Wazungu wa pamba, wakafyeka, wakawa wanawaita watemi walete madume ya ng'ombe yashindanishwe, na dume lililoshinda lilifungwa utepe kwenye pembe. Ili madume yasitoroke, wakapanda minyaa kuzunguka uwanja wote. Kama hujui mnyaa, ni mti usio na majani ya maana, ukiuvunja unatoa maziwa meupe, na yakikuingia jichoni utamwita mama yako hata kama ameshazikwa. Minyaa ile ikakua ikashikana mpaka kuku hapenyi. Wakaacha geti moja tu. Uhuru ulipokuja Wazungu wakaondoka na viti vyao vya kukunja, lakini minyaa ikabaki, na geti likabaki lile lile moja. Uwanja ukawa wa Sabasaba.

Basi mwezi wa saba ungesema dunia nzima imehamia pale. Vumbi, upepo wa kiangazi kutoka ziwani, harufu ya ng'ombe na ya dagaa wa kukaanga. Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma, walishindana, kila upande na dawa zake, wengine wamejivika nyoka shingoni kana kwamba ni skafu. Vijana wa ngoma ya bugobogobo walirusha majembe juu wakayadaka kwa mdundo. Na juu ya hayo yote kilikuwapo kipaza sauti, kimefungwa kwenye nguzo, kinakohoa kuliko kinavyosema.

Leo ukienda hutaona kitu. Minyaa imeng'olewa, pana gereji, pana mitumba, pana kibanda cha kuchaji simu. Nilimwuliza kijana mmoja wa pale hapo zamani palikuwa nini. Akanijibu, "Pori tu, mama." Nikamwacha.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hili ndilo lililotupata. Kulikuwa na sheria ya uwanja. Ilitungwa na Wazungu kwa ajili ya wale madume, ili mtu asije akamtoa ng'ombe wake akishaona kwamba hatashinda, na sisi tuliirithi bila kuiuliza. Kila asubuhi kipaza sauti kiliisoma: chochote kilichoingizwa uwanjani kwa maonyesho hakitatoka mpaka maonyesho yafungwe, isipokuwa kwa kifo. Maana yake, ng'ombe akifa atolewe asije akanuka. Tuliizoea sheria ile hadi tukaiimba tunaporuka kamba.

Nilipokuwa darasa la tatu tulikuwa tumehamishiwa kijiji cha ujamaa. Nyumba yetu ya huko ilikuwa fito na udongo upande mmoja, upande wa pili bado anga. Mwaka huo Bwana Maendeleo, ndivyo tulivyomwita yule afisa wa pale Mwabusegi, akapata wazo. Kwa nini tuonyeshe maboga na ng'ombe peke yake? Tujenge uwanjani nyumba bora ya kijiji, ya matofali na bati, na ndani yake tuweke familia bora, watu waione ikiishi. Alikuwa Msukuma halisi wa Magu, ulimi wake na herufi ya r haviivani, na fundi wa mabango alikuwa binamu yake. Ndiyo maana bango lililotundikwa juu ya mlango liliandikwa kwa herufi kubwa nyekundu: FAMILIA BOLA.

Familia bola tulikuwa sisi. Baba alikuwa mkulima hodari wa pamba, na katika darasa la watu wazima alikuwa wa kwanza kumaliza kitabu. Familia itakayokaa vizuri mpaka mgeni rasmi apite siku ya kufunga ingepewa plau mpya. Baba aliitamani ile plau hadi akaiota. Mama alipoambiwa alikuwa anachambua mchicha. Akauliza, "Kwa hiyo sisi tumekuwa maboga?"

"Ni heshima, Mama Kabula," Baba akasema. Kabula ni mimi.

"Heshima ya boga ni kupikwa," Mama akasema, akaendelea na mchicha wake. Mama alikuwa Mkerewe, amezaliwa kisiwani kule, na Wakerewe hawakubishii mara mbili. Wanakubishia mara moja halafu wanakuacha ujionee.

Tulihamia tukiwa watano: Baba, Mama, mimi, mdogo wangu Masanja, na mtoto mchanga Leticia ambaye alikuwa mgongoni kwangu zaidi kuliko kwa Mama. Chokaa ilikuwa bado mbichi. Ukiegemea ukuta unatoka mweupe mgongo mzima, ukilala inakukaa puani, ukila ugali unaisikia kwenye ugali. Nyumba ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo. Lakini jamani, ilikuwa nzuri kwa macho tu! Kitanda kilitandikwa shuka jeupe na hatukuruhusiwa kukilalia, tukalala sakafuni ili kisikunjamane. Kwenye kabati palikuwa na kopo la sukari, la kutazamwa. Redio ilikuwapo, haina betri. Madirisha yalikuwa makubwa, hayana pazia wala mbao, maana watu wangeonaje? Tukapewa viatu, na vyangu vilikuwa vya mtu mwingine kabisa, nadhani vya shetani.

Watu walipanga foleni kupita dirishani kuanzia kipaza sauti kinapoanza kukohoa mpaka jua linazama. Baba alikaa mezani akisoma kwa sauti ukurasa ule ule wa kitabu chake cha darasani: "Shamba letu ni kubwa. Tunalima pamoja." Kila kundi likija, shamba letu ni kubwa. Mama alipika kwenye jiko la udongo lenye bomba la moshi, jiko bora, na kazi yake ilikuwa moto uwake muda wote watu waone moshi unavyotoka nje. Hata kama hakuna cha kupika aliweka maji. Sisi watoto tulitakiwa kucheza, lakini tusichafuke. Hebu jaribu kucheza hivyo wewe.

Na maneno ya watu! Walituongelea kana kwamba hatusikii. "Huyu mama ana miguu mizuri." "Mtoto huyu mbona kapauka?" "Hawa ni watu kweli au wa serikali?" Mwanafunzi mwenzangu mmoja alinionyesha ulimi kutwa nzima, nami nikashindwa kumrudishia kwa sababu familia bora haitoi ulimi. Siku mbili za kwanza tulicheka. Baadaye tukaacha hata kuangaliana. Mama ndiye alikuwa wa kwanza kubadilika. Alikuwa akisimama nyuma ya mlango, pembe pekee ambayo dirisha halikuifikia, anaegemea chokaa, anafumba macho. Nilipomfuata aliniambia, "Niache, mwanangu. Hapa ndipo nyumbani kwangu."

Ndipo akaja mjomba Lugola. Huyu ni mdogo wake Mama, alileta machungwa kutoka Ukerewe kuuza kwenye Sabasaba. Kuingia ndani alikatazwa, kwa hiyo akapanga foleni kama watu wengine, na zamu yake ilipofika akatia kichwa dirishani. Hakusalimia hata kidogo. Akasema, "Dada, mzee ni mgonjwa. Kifua. Anakuita wewe kwa jina, asubuhi na jioni. Usichelewe." Wa nyuma yake wakaanza kumsukuma, "Sogea bwana, na sisi tuone," akasogea. Mama akabaki na mwiko mkononi. Baba alikuwa ameshafika kwenye tunalima pamoja, akanyamaza hapo hapo.

Mzee huyo, babu yangu, alikuwa kila kitu kwa Mama. Mama yake alimfia akiwa mdogo, na mzee hakuoa tena mpaka wanawe wamekuwa wakubwa. Alimsuka nywele yeye mwenyewe, mwanaume mzima, vijiji vizima vikimcheka. Hayo tulikuwa tukiyasikia kila siku za mvua.

Mama alifuta mikono akatoka kwenda kwa Bwana Maendeleo, mimi na Leticia nyuma yake. Tulimkuta chini ya kipaza sauti na filimbi yake shingoni. Hakuwa mtu mbaya, nataka mlielewe hilo. Alikuwa mtu aliyewaahidi wakubwa wake kwamba mgeni rasmi atakuta familia nzima, na usingizi ulikuwa umemtoka.

"Shikamoo," Mama akasema, ingawa walikuwa rika moja. Akaeleza.

"Pole sana, mama," akasema, na alikuwa anamaanisha. "Lakini ugonjwa siyo kifo. Sasa nikikuluhusu wewe, na mwenye dume lake atasema dume linaumwa. Shelia ni shelia. Mzee angekuwa amefaliki, haki ya Mungu ningefungua geti kwa mkono wangu mwenyewe."

"Kwa mkono wako," Mama akasema.

"Mwenyewe kabisa."

Akamwambia mgambo wa getini aturudishe. Mama hakubisha mara ya pili. Jioni ile Baba alimsihi, akasema zimebaki siku chache tu, akishapata plau atampeleka yeye mwenyewe mpaka Nansio, kule Ukerewe. Mama akamlaza Leticia. Mimi nililala nimeshika pindo la nguo yake, kwa sababu nilihisi atapenya kwenye minyaa atupofukie njiani.

Asubuhi kipaza sauti kikasoma sheria, isipokuwa kwa kifo, na foleni ikaanza kujipanga. Baba alikuwa ametoka kwenda kuoga. Mama alichukua ndoo ya maji ya kunywa akaimimina yote kwenye jiko. Jiko likalia shaa, moshi ukajaa chumba, majivu yakaruka mpaka kwenye lile shuka jeupe. Akavua kilemba. Akavua bangili zake, akajifunga kaniki kiunoni, akakaa chini sakafuni katikati ya nyumba, miguu ameinyoosha mbele.

Nyote wa kwetu mnajua maana yake. Kwa watu wa Mama, na kwa Wasukuma pia, mzazi akifa moto wa nyumba unazimwa, na mwanamke anakaa chini namna ile. Hakuna haja ya kutangaza. Mimi nilikuwa mtoto lakini nilijua. Nikamrukia, "Mama, Babu amekufa? Nani amekwambia?"

Akanishika kidevu. "Mimi nimesema neno?" akaniuliza kwa sauti ya chini. "Nimezima moto wangu. Kuzima moto ni kusema?" Halafu akaniachia, na hapo nikaelewa. Kwetu kumlilia mtu aliye hai si mzaha. Ni kumchimbia kaburi. Nilitamani kupiga kelele, na pale dirishani tayari kulikuwa na nyuso.

Aliyekuwa mbele kabisa kwenye foleni ni mama mmoja mnene wa kikundi cha wanawake, Mama Kulwa, aliyezaa mapacha, ambaye boga lake lilikuwa limeshinda nafasi ya kwanza. Alichungulia akicheka. Akaona jiko, akaona kaniki, akaona miguu. Kicheko kikakatika. Hakuuliza mtu. Alisukuma mlango uliokuwa umekatazwa kusukumwa, akaingia, akakaa chini karibu na Mama, akamshika bega. Na hapo Mama akalia. Jamani, alilia! Sijawahi kusikia kilio kama kile, kilitoka chini ya tumbo kikaenda juu ya bati.

Wakaingia. Wanawake wa foleni nzima wakavua viatu wakaingia, walipokosa nafasi wakakaa nje kuzunguka kuta, chokaa ikiwapaka migongo. Kilio kikapokelewa. Wa mbali hawakujua anayeliliwa ni nani, na haikuwazuia. Msiba haukuulizi jina.

Baba akatokea na taulo begani. Nilimwona akisimama mlangoni na nilijua anachokijua, kwa sababu maneno ya mjomba aliyasikia. Neno moja tu lingetosha. Angesema, "Huyu mzee ni mgonjwa, hajafa," na plau ingekuwa yake. Alimtazama Mama, Mama hakuinua uso. Basi Baba akavua vile viatu vya maonyesho, akaviweka kando vizuri, akaenda kukaa chini nje pamoja na wanaume. Wa kwanza kumpa mkono alimwuliza, "Pole, Baba Kabula. Ni nani?"

"Baba mkwe," Baba akasema.

Habari ikazunguka uwanja. Bagika wakanyamaza, Bagalu wakanyamaza. Vijana wa bugobogobo waliweka majembe chini. Vikundi vikaanza kuleta vitu: mtama uliokuwa umeshindanishwa, karanga za maonyesho, kuni za shule, na Mama Kulwa akalileta boga lake lenye utepe. Bwana Maendeleo alikuja anakimbia, filimbi inaruka kifuani. "Nini hiki? Nani amezima moto? Mgeni lasmi…"

"Wewe!" Mama Kulwa alimkemea kutoka ndani. "Vua kofia. Humwoni mwenzako kafiwa?"

Akavua. Akasema, "Poleni sana ndugu zangu," na machozi yakamlenga, kwa sababu yeye pia alikuwa mtoto wa mtu. Akaenda getini. Mgambo alisogea afungue, akamzuia, akalifungua mwenyewe kwa mkono wake. Akatoa na Landrova ya kazini itupeleke Mwanza kuwahi meli ya Nansio. Masanja alibaki na Baba. Mama, mimi na Leticia tukapanda.

Nikadhani tumeokoka. Loo! Nilikuwa nimesahau kwamba kwetu mfiwa hasafiri peke yake. Kabla dereva hajawasha gari, Mama Kulwa alikuwa ameshajipakia kiti cha mbele, na boga lake mapajani. "Tutamzika pamoja," akasema.

Fikirieni hali yetu. Humo melini Mama alikaa kwenye benchi, kaniki kiunoni, watu wakimpisha, wakimletea maji, mabaharia wakimpa pole, na kule tunakokwenda kuna mtu mwenye kifua, hai au si hai, hatujui. Minyaa tulikuwa tumeiacha Mwabusegi lakini mimi niliona bado imetuzunguka. Tulipokuwa tumeshaona kisiwa mbele, Mama alishindwa. Akamgeukia Mama Kulwa akamweleza yote, tangu mjomba dirishani mpaka ndoo ya maji. Hakujitetea.

Mama Kulwa akageuka, akayaangalia maji. Nilikuwa nasubiri amtukane, au apige ukunga meli nzima ijue. Mwisho akauliza, "Kwa hiyo yu hai?"

"Juzi alikuwa hai."

Akaligeuza boga mapajani mwake, akaupangusa utepe. "Basi mimi nimekuja kumwona mgonjwa," akasema. "Boga halijui tofauti."

Tulimkuta Babu hai. Amekonda, amelazwa kwenye mkeka upande wa kivuli, pumzi inamtoka kama mlango usiopakwa mafuta, lakini hai! Mama alianguka magotini akasahau kwamba bado amevaa msiba. Babu akaiona ile kaniki, akaona kichwa kisicho na kilemba. Akauliza kwa Kikerewe nani amekufa. Na Mama, ambaye hakumdanganya mtu kwa mdomo tangu asubuhi, akamwambia, "Wewe, baba."

Nilifumba macho. Nikasikia kitu kama kukohoa, nikafumbua, Babu alikuwa anacheka. Alicheka mpaka ikabidi ainuliwe. Akataka kusimuliwa yote. "Walilia vizuri?" akauliza. Mama Kulwa akamjibu kwamba walilia hadi ngoma zikanyamaza. "Bagika pia?" Bagika pia. Alifurahi mzee yule, haki ya nani, akasema chifu mwenyewe hakuliliwa hivyo. Halafu akamshika Mama mkono, na sauti ikawa nyingine. "Lakini unajua, mwanangu. Mtu hana matanga mawili. Mimi nimeshaliliwa. Nikiondoka, wewe usinililie tena, utanichanganyia njia."

"Najua, baba," Mama akasema. "Nilijua wakati nazima moto."

Boga likapikwa, na Babu alikula kidogo. Mama Kulwa akarudi kwao. Mama alikaa na baba yake siku alizojaliwa, anamlisha uji, anamkanda kifua, na mchana walikuwa wakizungumza taratibu mambo ya zamani ambayo mimi sikuyafahamu. Asubuhi moja mzee akaondoka, kichwa chake kikiwa mapajani mwa Mama.

Nyumba ile ikajaa. Shangazi zake Mama wakakaa chini, wanawake wakapokea kilio, mjomba Lugola aligaagaa mavumbini. Na Mama yangu? Mama alikuwa nje kwenye mafiga akisonga ugali wa waombolezaji. Binti wa marehemu, kipenzi chake, anasonga ugali! Hakutoa chozi. Alipakua, akaosha vyungu, akateka maji. Nikasikia wanawake wakinong'ona kwamba ameolewa kwa Wasukuma amekuwa mgumu. Binamu yangu mmoja alinisogelea akaniambia, "Mama yako ana moyo wa jiwe." Nilimpiga, lakini moyoni niliona amesema kweli, na aibu ile nilikaa nayo miaka mingi. Hata Mwabusegi tuliporudi, watu waliendelea kumpa pole, naye akizipokea na kuuliza habari za mahindi. Plau hatukupata. Baba hakuitaja tena maishani mwake.

Nilikuwa nimeshakuwa mtu mzima, nina watoto, wakati Baba alipofariki. Tulimzika, na mimi nililia bila aibu. Nililia siku ya kuzika, nikalia siku ya kuanua matanga, nikikuta kofia yake nalia, nikisikia mtu anakohoa kama yeye nalia. Siku moja niliinua macho katikati ya kilio nikamkuta Mama ananitazama. Hakuwa ananihurumia. Alikuwa ananitazama kama mwenye njaa anavyomtazama mtu anayekula. Yeye pia alikuwa amefiwa na mumewe na alikuwa amemlilia vya kutosha, kwa hiyo nikajua njaa ile si ya Baba.

Nami nikaikumbuka ile safari ndani ya Landrova. Geti lilikuwa limefunguliwa, uwanja uko nyuma yetu, dereva anaangalia barabara, Mama Kulwa kule mbele amesinzia juu ya boga lake. Hapakuwa na mtu wa kudanganywa tena. Mama alikuwa bado analia, ameinama, kifua kinagonga kiti cha mbele kila anapovuta pumzi. Na mimi, mjinga wa darasa la tatu, nilikuwa naona fahari jinsi mama yangu anavyojua kuigiza. Nikamvuta nguo nikamnong'oneza, "Mama, tumeshatoka. Sasa unaweza kunyamaza."

Hakunyamaza. Alikuwa na barabara ile tu ya kumlilia baba yake, na Mwanza ilikuwa imeshaanza kuonekana.